Mkurugenzi Anapokataa Dodoso la Wafanyakazi

Katika kampuni ya utalii ambako ninasimamia rasilimali watu hapa Arusha, mkurugenzi alilikataa dodoso la kuridhika kwa wafanyakazi. “Dada, ukiwauliza shida zao, watadai mishahara,” aliniambia. Hofu hiyo ninaielewa, kwa kuwa kuuliza kisha kukaa kimya huvunja imani kuliko kutouliza kabisa. Badala ya kubishana, nilimwekea mezani barua za madereva walioacha kazi, ambazo nyingi zilitaja ratiba za safari za msimu wa Juni hadi Oktoba, wala si mshahara, nikaomba maswali machache kwa madereva pekee, bila majina. Alikubali, ila anataka kusoma karatasi zenyewe za majibu. Hilo nimelikataa kwa heshima, maana mwandiko humtambulisha mtu, na mazungumzo yanaendelea.