Ukiandika meseji ya kazi, anza na kile unachotaka mtu afanye

Jamani leo naomba niandike kitu ambacho nakisema sana kwenye mafunzo na nimeona bora kikae mahali mtu akisome kwa nafasi yake. Mi kazi yangu ni kuandaa mafunzo kazini kwa watumishi wa afya, pamoja na kuandika ile miongozo mifupi ya kubandika ukutani, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka huko, ila hata kama uko benki au halmashauri au duka la vipuri jambo ni lile lile.

Chukua barua au imeili yoyote ya maofisini kwetu. Inaanza na "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu", inakuja "napenda kukutaarifu kuwa", inafuata historia ya mradi, halafu rejea kikao cha tarehe fulani, na ukifika aya ya nne kule chini ndo unakuta kumbe unatakiwa upeleke majina ya watu watatu kabla ya Ijumaa. Sasa huyo anayesoma yuko kwenye daladala, au ni muuguzi ana foleni ya kina mama na watoto mlangoni, anasomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Aya ya nne haifiki. Halafu Ijumaa tunaanza kusema watu hawajibu imeili.

Sisemi tuache heshima. Salamu iwepo, itifaki iwepo, Kumb. Na. iwepo maana masijala wanaihitaji. Ninachoomba ni sentensi ya kwanza baada ya salamu ibebe ombi lenyewe: nani, afanye nini, mpaka lini, apeleke wapi. "Naomba uniletee majina ya wauguzi watatu watakaokuja kwenye mafunzo ya chanjo, kabla ya Ijumaa tarehe 14 Novemba saa nane mchana, kwa WhatsApp ya namba hii." Hiyo historia ya mradi iweke chini, anayetaka ataisoma. Na ile YAH: usiandike tu "YAH: MAFUNZO", andika "YAH: KULETA MAJINA MATATU YA MAFUNZO YA CHANJO", mtu hata asipofungua barua keshajua anadaiwa nini.

Kwenye muda napo tunapoteana sana. Ukiandika "kikao saa 3:00" peke yake, kuna atakayekuja asubuhi na kuna atakayeweka kwenye kalenda ya simu ikamkumbushe saa tisa alasiri, na wote wako sahihi. Andika "saa 3:00 asubuhi", na kama kuna wageni ongeza 09:00 pembeni. Tarehe pia, 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili ila mdau wako wa Marekani anaisoma tarehe 4 Machi, kwa hiyo mwezi uandike kwa jina. Na "haraka iwezekanavyo" sio tarehe, kila mtu ana haraka yake.

Kuna kitu kimoja nakionyesha kila nikifundisha mambo haya, na sijawahi kukichoka. Ni ile alama ndogo iliyo kwenye chupa ya chanjo, ilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya polio ya matone na sasa iko kwenye chanjo nyingi. Ni duara lenye rangi, na ndani ya duara kuna mraba mweupe. Chupa ikipata joto ule mraba unakolea kidogo kidogo, na ukishakolea haurudi nyuma hata uirudishe chupa kwenye friji. Mraba ukiwa bado mweupe kuliko duara, na chanjo haijaisha muda wake, tumia. Mraba ukilingana na duara au ukikolea zaidi, usitumie. Yaani basi, imeisha hiyo. Muuguzi yuko zahanati peke yake, mtandao hakuna, hana wa kumuuliza, lakini jibu analipata pale pale chupa ikiwa mkononi, wakati ule ule anaouhitaji. Haisemi kila kitu, kwa mfano haionyeshi kama chanjo iliganda, ila kile inachosema kinaeleweka. Ningependa kila tunachoandika kazini kifanye kazi hivyo.

Sasa linganisha na sentensi za aina hii ambazo miongozo imejaa (mnyororo baridi ni kule kuitunza chanjo kwenye ubaridi unaotakiwa njia nzima mpaka inapotumika): "Watumishi wanapaswa kuhakikisha ufuatiliaji madhubuti wa mnyororo baridi unazingatiwa wakati wote." Ukiisoma unatikisa kichwa, unakubali, na hujui ufanye nini. Mi naiandika hivi: "Soma kipimajoto cha friji asubuhi na jioni kila siku, hata wikiendi na sikukuu. Andika namba kwenye chati. Ikiwa chini ya nyuzi 2 au juu ya nyuzi 8, mpigie simu mratibu wa chanjo wa wilaya saa hiyo hiyo. Usitupe chanjo kabla hujaongea naye." Na namba ya simu ya mratibu iandikwe pale pale kwa herufi kubwa, isiwe mpaka mtu aanze kuitafuta. Maneno yameongezeka kidogo, sawa, lakini kuna kazi ndani yake. Ufupi sio lengo, lengo ni mtu ajue mkono uende wapi.

Na haya mambo yana uzito wake kabisa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukurasa mmoja ya kuhakiki upasuaji, ina vipengele 19, na ilijaribiwa kwenye hospitali za miji minane, mmojawapo ni Ifakara hapa kwetu Morogoro, pamoja na London, Toronto, Manila na mingine. Matokeo yalitoka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kati ya hivyo vipengele kuna kinachotaka kila aliyeko chumbani ajitambulishe jina na kazi yake kabla mgonjwa hajachanwa. Kitu kidogo hivyo, lakini mtu akishasema jina lake mbele ya wakubwa inakuwa rahisi kwake kusema "dokta subiri kidogo" akiona kitu hakiko sawa.

Nije kwenye mafunzo yenyewe, maana hapa ndo roho inaniuma. Semina zetu nyingi zinaandaliwa kwa kuanza na slaidi. Mtu anachukua slaidi 90, anazisoma ukutani mpaka saa ya chai, mwisho kuna jaribio la kuandika, picha ya pamoja na cheti. Wamarekani wakati wa vita ile ya pili walikuwa na programu ya kufundisha watu kazi viwandani, ilianza 1940, na hatua zake zilikuwa nne tu: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu mwenyewe, kisha mfuatilie. Ukiangalia, sisi hatua ya pili tunaifanya kwa maneno matupu, na ya tatu na ya nne mara nyingi hazipo kwenye bajeti.

Kwa hiyo mi naanzia mwisho. Najiuliza huyu mtu Jumatatu akirudi kituoni anatakiwa kufanya kitu gani ambacho leo hafanyi, nakiandika kwa sentensi moja, na slaidi yoyote isiyosaidia sentensi hiyo naitoa hata kama ni nzuri vipi. Muda uliobaki watu wanashika vitu. Tunaleta friji, chati tupu na chupa zenye alama za hatua tofauti, kila mmoja anasema hii natumia, hii situmii, kwa nini. Wengine wanaogopa kukosea mbele ya wenzao, kwa hiyo wagawe wawili wawili kwanza.

Na ukipanga bajeti, acha hela ya simu na nauli ya kuwafuata baada ya mwezi. Ukipiga simu usimuulize "mafunzo yalikusaidia?" maana atasema ndiyo, kwa adabu tu. Mwombe akupigie picha ya chati ya friji ya wiki iliyopita akutumie, halafu angalia Jumamosi na Jumapili zimejazwa nini.