Usiweke bayocha bustanini ikiwa mbichi

Jamani leo niongelee bayocha, ule mkaa wa kuchanganya na udongo, maana naona wengi wanaanza kama nilivyoanza mimi na inauma. Msimu wa kwanza nilichoma matawi makavu, nikapondaponda, nikamwaga moja kwa moja kwenye tuta la nyanya nikijua kazi imeisha, baada ya wiki chache majani yakawa ya njano na miche imedumaa, nikadhani ni ugonjwa. Kumbe mkaa ndo ulikuwa na njaa.

Iko hivi, bayocha ina vitundu vidogo mno, ndo vinashika maji na virutubisho visioshwe na mvua, ila ikiwa mpya vitundu viko vitupu kwahiyo inaanza kunyonya naitrojeni, kile kirutubisho cha kukuza majani, iliyopo kwenye udongo, mmea unabaki kuangalia tu.

Siku hizi nailisha kwanza. Nachanganya nusu kwa nusu na mboji au samadi iliyooza, namwagia maji iwe na unyevu, naiacha kivulini wiki nne hivi. Mkojo uliozimuliwa na maji nao unafaa sana, wala usione haya. Halafu naweka sehemu 1 kwa sehemu 10 za udongo, sizidishi, kwasababu bayocha nyingi inapunguza asidi, udongo wa kichanga au wenye asidi unaipenda kweli ila kama wako una alkali tayari utauharibu, so pima pH kwanza, yaani kipimo cha asidi na alkali.

Kuchoma nachimba shimo lililopanuka juu, nawasha, naongeza kuni safu kwa safu kila nikiona majivu meupe yanaanza, ule moto wa juu unamaliza hewa isifike chini. Mwisho maji mengi mpaka izimike kabisa, ukizembea hapo unapata majivu tu. Mbao za rangi au dawa usiguse! Na ponda ikiwa imelowa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Wenyeji wa Amazoni walikuwa na udongo mweusi wenye mkaa kabla Wazungu hawajafika huko na mpaka leo una rutuba, hicho ndo kinanipa moyo, kwamba ukiweka mara moja inakaa miaka na miaka.

Lile tuta la nyanya la msimu wa kwanza sikulifukua, nililiongezea mboji tu. Sasa nikichimba naona mizizi midogo imeng'ang'ania vipande vya mkaa, na chini bado pana unyevu hata jua likiwa kali.