Usiku niliodhani nimepata 15 kwa 100

Wiki ya nane ya kozi, baada ya Isha, nilipanda darini kutafuta mtandao. Nyumba yetu iko Mkomani, mjini Lamu, kuta zake za mawe nene kama za ngome, na chini simu haishiki kitu. Nikafungua kozi ya Ukuaji wa Mtoto, nikabofya sehemu ya alama. Chini kabisa, mbele ya maneno "Jumla ya kozi", palikuwa na 15.20.

Kumi na tano! Mimi ninayefundisha chekechea mwaka wa kumi na moja huu. Nikafungua kozi ya pili ya muhula huohuo: 74.00. Sasa nikachanganyikiwa zaidi, maana ile ya 15 ndiyo niliyoikeshea. Sikumwambia mtu. Nililala nikiwaza ada niliyokwisha kulipa.

Asubuhi nikashuka Langoni kwa mpwa wangu, binti wa kaka yangu, anayefanya kazi kwenye duka la kuchapisha na kutoa nakala. Njiani nilijibanza ukutani mara mbili kupisha punda wa mchanga.

"Shikamoo, Shangazi. Mbona macho mekundu?"

"Marahaba, mwanangu. Nimefeli."

Akaichukua simu, akailaza, kisha akalivuta jedwali kwa kidole. Wiki nane zote nilikuwa nikisoma vipande viwili tu, jina la kazi na alama, kwa kuwa simu ikiwa wima mengine yamejificha kulia. Kumbe kulikuwa na uzito wa kila kazi, yaani sehemu yake katika 100 za kozi nzima, kiwango chake cha juu, asilimia, maoni ya mkufunzi, na mwisho kabisa mchango wa kazi hiyo kwenye jumla. Maoni! Mkufunzi alikuwa ameniandikia mistari minne juu ya insha yangu, na mimi nikimlaumu kwamba hasemi.

Mpwa akachukua karatasi iliyoharibika kwenye mashine, akaandika nyuma yake. Insha: 16 kwa 20, uzito 10. Kumi na sita gawanya kwa ishirini, zidisha kwa kumi, ni 8. Jaribio: 18 kwa 25, uzito 10, ni 7.2. Shajara ya darasani, uzito 10: kistari. Mtihani wa mwisho, uzito 70: kistari.

"Hizi si 15 kwa 100, Shangazi. Ni 15.2 kwa 20 zilizokwisha kusahihishwa. Hiyo ni asilimia 76."

Chuo chetu kinatumia Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni, na huko anayeandaa kozi ndiye huchagua kama nafasi tupu zihesabiwe sifuri au ziachwe kando. Kozi hii zilihesabiwa, ndiyo maana mtihani ambao hata haujafanywa ulikuwa unanikata. Ile ya pili ziliachwa. Basi hata ile 74 haikuwa ya kujivunia sana: ilitokana na kazi moja tu, yenye uzito wa 15. Ningependa wayaandike haya juu ya jedwali, kwa herufi kubwa. Hawakuandika.

Nilikuwa nimeshaagiza chai aliponiuliza, "Na shajara uliwasilisha?"

"Zamani! Wiki mbili sasa."

Akabofya jina la kazi yenyewe. Hali: rasimu, haijawasilishwa. Nilikuwa nimepakia faili, nikahifadhi, nikafunga simu, nikaenda zangu. Kumbe chini yake kuna kitufe kingine cha kuwasilisha, kinachokutaka kwanza ukubali kwamba kazi ni yako mwenyewe. Kistari cha mtihani maana yake bado. Kistari cha shajara maana yake mkufunzi hana kitu mkononi. Ukivitazama kwenye jedwali havina tofauti hata chembe, na mimi ningeendelea kusubiri alama hadi muhula uishe. Siku tatu zilikuwa zimebaki. Nikabonyeza palepale, tukasubiri hadi hali ikabadilika kuwa imewasilishwa, ndipo nikainywa chai ikiwa imepoa.

Tangu siku hiyo nikawa mchokozi wa jedwali. Usiku nilifungua jaribio lenyewe, swali baada ya swali, nione zile alama saba zilipotelea wapi. Sita nilizikosa kwa haki yangu. Swali la saba lilitaka jina la mtaalamu aliyegawa ukuaji wa akili ya mtoto katika hatua nne. Nilikuwa nimeandika "Piaget". Alama: 0. Jibu sahihi lililowekwa: "Jean Piaget". Mashine hulinganisha herufi kwa herufi na jibu iliyopewa, haijui kwamba sisi sote humwita kwa jina la mwisho.

Nilimwandikia mkufunzi kwa adabu, nikataja kozi, jaribio, namba ya swali na nilichoandika. Sikuandika "alama zangu si sawa", maana barua za namna hiyo najua mwenyewe navyozijibu wazazi wakiniletea. Baada ya siku mbili akajibu kwa sentensi moja: ni kweli, ameongeza jibu hilo na kusahihisha upya kwa darasa zima.

Nikapanda tena darini. 18 imekuwa 19, 7.2 imekuwa 7.6, na chini kabisa 15.20 imekuwa 15.60. Nikampigia mpwa kumtangazia.

"Nukta nne, Shangazi?"

"Nukta nne," nikasema, "na zote nazijua zilikotoka."