Kiinua Mgongo Changu na Mashine ya Alizeti

Nilipostaafu JWTZ nikiwa sajinitaji wa karakana, ushauri ulinifikia nyumbani Singida kabla hata kiinua mgongo hakijaingia benki. Wapo walionitaka ninunue bodaboda niwakabidhi vijana, wapo walionitaka nifungue baa, na wengi zaidi walisisitiza kampuni ya ulinzi, kana kwamba askari hajui kingine ila kusimama langoni. Hao waliniudhi sana, kwa sababu utumishi wangu karibu wote niliutumia kufungua na kufunga mitambo.

Nilinunua mashine ya kukamua alizeti iliyokwisha kutumika, kwa milioni chache, nikaifufua mwenyewe. Kazi ilikuwa kwenye mbegu. Dalali mmoja aliniletea magunia yaliyoshonwa vizuri, ambayo juu yalikuwa na mbegu nyeusi, kavu na zinazong'aa, lakini katikati yalijaa mapepe na mchanga, na chini kulikuwa na mbegu mbichi zilizoanza kuchemka hata ukiingiza mkono unahisi joto. Mafuta yake yalitoka machache na yenye harufu ya uvundo.

Basi nikatengeneza bambo. Nilichukua kipande cha bomba la chuma lenye unene wa kidole gumba, nikakikata ncha kwa mshazari na kukinoa kwa msasa. Ukilichoma ubavuni mwa gunia na kuliinamisha, mbegu za ndani huteremka zenyewe kiganjani. Huchoma juu, katikati na chini, kisha hutafuna: mbegu kavu huvunjika kwa mlio, mbichi hujipinda menoni. Dalali yule aliporudi na kuona bambo, aliniuliza, "Afande, ina maana huniamini?" Nikamjibu, "Ndugu yangu, tuliache gunia lijieleze." Siku hiyo alishusha nusu tu ya mzigo wake, na ile nusu ilikuwa safi kweli.

Anayeanza asimalize fedha zote kununua mbegu, hata kama mwezi Juni bei huwa chini na kila mtu anamhimiza ajaze ghala. Mimi nilianza kwa kuwakamulia wakulima mbegu zao. Anayelipa taslimu huchukua mafuta na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, asiye na fedha huniachia mashudu, nami huyauza kwa wafugaji, ambao kiangazi hunitafuta wenyewe.

Habari za TIN na leseni kila mtu anazijua. Ninachosisitiza ni kupitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mapema, kwa sababu barua yao ya utambulisho humpunguzia mjasiriamali mdogo gharama za kupata alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na bila alama hiyo maduka makubwa hayapokei mafuta yako. Ndiyo maana, ili mafuta yatoke safi, huyatuliza kwenye pipa siku kadhaa kabla ya kuyachuja, na mteja akinishikilia nimuuzie yanayotoka mashineni papo hapo, humkatalia.