Mashine isiyozima iliyonifikisha kwenye mfongo

Nina kauntabuku la kwaya 3, gamba jeusi, kona zimeshalika. Tangu 2016 ndilo limebeba mawazo yangu yote ya umeme. Mchana natengeneza oltaneta (jenereta ndogo za gari zinazochaji betri) na stata kwenye gereji Pasua, hapa Moshi. Usiku, watoto wakishalala, nachora. Humo kuna lori la ndizi linalojichaji likiteremka mlima, jiko la kuni linalochaji simu, kamba ya kuteremshia mikungu kutoka kwetu Kibosho, juu mlimani, huku ikizungusha jenereta, na ukurasa wa kwanza kabisa, kwa wino mwekundu, mashine isiyozima. Sijachana hata ukurasa mmoja. Leo nataka kueleza nilivyotoka kwenye ukurasa ule wa wino mwekundu mpaka taa 6 zinazowaka kwa maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, nyumbani kwa mama mkubwa, kwa sababu najua vijana wengi wana madaftari kama langu na wanayaficha.

Mashine isiyozima ilikuwa hivi. Nilichukua mota ya feni ya rejeta, ya volti 12, nikaifunga mkanda kwenda kwenye oltaneta. Mota inakula betri, inazungusha oltaneta, oltaneta inachaji betri ileile. Kwenye karatasi duara lilikuwa limekamilika. Nilipoiwasha iliunguruma vizuri, nikakaa mbele yake nimekunja mikono kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe. Baada ya muda mlio ukaanza kuwa mzito, kisha mota ikasimama. Nikabadilisha mkanda. Ikasimama tena. Nikabadilisha puli, nikaweka betri mpya ya gari, N70. Safari hii ilichukua muda mrefu zaidi, lakini ilisimama.

Mwezi mzima nilibadilisha vyuma bila kupima chochote. Hilo ndilo kosa langu kubwa la miaka ile, maana kazini sifungui oltaneta ya mteja kabla ya kuipima. Siku moja nikaleta mita ile ya kubana waya. Waya unaoingia kwenye mota: ampia 11. Waya unaotoka kwenye oltaneta: ampia 4. Kwa volti 12 hiyo ni wati 132 zinazoingia na wati 48 zinazorudi. Wati 84 zilikuwa zinaenda wapi? Nikagusa ganda la mota, likanichoma kidole. Beringi za oltaneta zilikuwa na joto. Mkanda ulikuwa unanuka. Zote zilikuwa pale pale mezani, zimegeuka joto.

Baadaye nilisoma kuhusu James Joule, Mwingereza ambaye mwaka 1845 aliacha uzito ushuke polepole, ukazungusha makasia ndani ya chombo cha maji, akapima jinsi maji yalivyopata joto. Nguvu haikupotea wala haikuzaliwa, ilihama tu. Nilielewa kila neno, kwa sababu kidole changu kilikuwa bado kina lengelenge.

Wiki mbili sikufungua kauntabuku. Kilichonirudisha ni njia ya Mweka, ambayo naipita kila nikipanda kwetu Kibosho. Pale Mweka, chuo cha wanyamapori, ndipo alipokuja kusoma Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friji ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya uliopoa. Aliuliza, akachekwa darasani. Akaendelea kuuliza mpaka akampata Dokta Denis Osborne, ambaye hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo mpaka leo. Kilichonishika si ule ushindi. Ni kwamba Mpemba hakubaki na maneno, alirudia jaribio.

Nikaanza utaratibu mpya. Chini ya kila mchoro nachora kisanduku chenye mistari miwili: kinachoingia, kinachotoka. Mchoro ambao kisanduku chake ni kitupu siununulii hata msumari.

Jiko la kuni lilikuwa la kwanza kupita kwenye kisanduku. Mwaka 1821 Mjerumani Thomas Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, upande mmoja ukipata joto na mwingine ukawa baridi, kunatokea kitu, na kitu hicho ni umeme. Vyombo vya anga vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977 vinaishi kwa kanuni hiyo, vikitumia joto la plutoni, metali yenye mionzi. Mimi nilitumia joto la kuni za mgrevilea. Kwenye mashine mbovu za maji ya kunywa nilitoa vibati viwili vya mraba, sentimita 4 kwa 4, nikavibana kati ya ukuta wa jiko na kopo la maji baridi. Vikanipa karibu wati 2. Simu ya kitochi ilianza kuchaji! Sitasahau ile betri ndogo ilivyokuwa ikipanda na kushuka kwenye kioo. Lakini maji ya kopo yalipopata moto umeme ulishuka, na usiku wa tatu mama mkubwa aliongeza kuni, risasi iliyounganisha vibati ndani ikayeyuka. Baadaye nilijifunza kwamba risasi ya vibati hivyo vya bei rahisi huyeyuka kwenye nyuzi 138. Ukurasa ule bado uko hai, nasubiri vibati vinavyostahimili joto.

Halafu zikaja ndizi, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kilimanjaro mzigo unashuka. Mikungu inatoka vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya migomba, kwenda masoko ya Mbuyuni na Kiboriloni, na gari hurudi jepesi. Njia nzima ya kushuka dereva anakanyaga breki, na breki ni kupika nguvu bure. Uswisi kuna lori la umeme la machimbo linaloshuka na mawe na kupanda tupu, betri yake ikijazwa na ule mteremko. Nepal kuna kamba za milimani ambako toroli lenye mazao likishuka linavuta jingine jepesi lipande. Nikasema, kwa nini isiwe Kibosho? Nikachora kamba, toroli na jenereta.

Kisanduku: mikungu 100, kila mmoja kilo 30, ni kilo 3,000. Ikishuka mita 300, inatoa karibu uniti 2 na nusu za umeme, kabla msuguano haujachukua chake. Uniti mbili na nusu kwa mikungu mia! Niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa mfongo nyuma ya nyumba ya mama mkubwa, miguu ndani ya maji, na yalikuwa baridi kweli. Lita 3,000 za maji nazo ni kilo 3,000. Na haya yanashuka usiku na mchana, hayahitaji kukatwa wala kubebwa.

Mifongo hii babu zetu waliichimba kwa mikono kwa vizazi vingi, wakiyaongoza maji ya mlimani kutoka mitoni hadi kwenye migomba, na hawakuwa na chombo chochote cha fundi wa kisasa. Nimekua nikiruka mfongo kwenda shule na sikuwahi kuufikiria kama mashine. Siku hiyo nilikata gome la mgomba, nikaligeuza mfereji, maji yote ya lile tawi letu dogo yakapita humo kuingia kwenye ndoo ya lita 20. Saa ya simu ikasema sekunde 4. Nikarudia mara tano, ikawa hiyohiyo. Lita 5 kwa sekunde. Yaani uzito wa mikungu yangu 100 ulikuwa unapita miguuni pangu kila dakika 10.

Mita 300 sikuwa nazo, lakini kuna mahali tawi linaporomoka kwenye miamba kabla ya kuendelea kwenye vihamba vya chini. Nilipima kwa mpira mwembamba wa maji ambao mafundi ujenzi husawazishia msingi, ngazi kwa ngazi, nikapata mita 6. Lita 5, mara mita 6, mara 9.81: wati 294 kwenye maji yenyewe. Safari hii mstari wa kinachoingia ulijazwa na mlima.

Mfongo si mali ya mtu mmoja. Una mwenyekiti, una zamu, na una siku ya kuzibua ambayo kila mwenye kihamba anatakiwa kufika na jembe. Nikaenda kwa mzee jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unataka kutoa umeme kwenye maji yetu."

"Ndiyo mzee, pale kwenye maporomoko."

Akanyamaza kidogo. "Sasa niambie. Ukishautoa huo umeme, maji yatakayofika kwenye migomba yangu yatakuwa yamebaki na nini?"

Lile ni swali zito, na nilishukuru kwamba aliliuliza mbele yangu. Siku ya kuzibua mfongo nikaja na ndoo ileile. Juu ya maporomoko: sekunde 4. Chini: sekunde 4. Nikamweleza kwamba ninachochukua ni kule kuanguka tu, ambako siku zote kulikuwa kunaishia kupiga kelele na kutafuna mwamba. Mzee akainama, akateka maji ya chini kwa kiganja, akasukutua, akatema. "Ni yale yale," akawaambia wenzake. Masharti yakawa matatu: chujio langu lisikwamishe maji, zamu ya mtu isiguswe, na nisikose hata siku moja ya kuzibua. Tukakubaliana pia niende Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi zake ziko hapa Moshi, kuuliza taratibu za kibali kabla ya kulaza bomba.

Bomba ni la inchi 4, mwisho wake nimeliziba na kuacha tundu la milimita 24. Maji yanatoka hapo kama fimbo. Gurudumu nililichomelea kwa chuma chakavu, upana sentimita 30, likiwa na pawa 16 za kupakulia wali zilizofupishwa mikia. Nililifunga kwenye oltaneta ya gari dogo kwa puli za moja kwa nne, kwa sababu gurudumu linazunguka kama mara 340 kwa dakika, wakati oltaneta inataka zaidi ya 1,000 ndipo iamke. Jaribio la kwanza: ampia 3 na kidogo, wati kama 40. Maji yalikuwa yanagonga katikati ya upawa na kurudi usoni kwangu.

Hapo ndipo nilipomwelewa Lester Pelton, fundi wa Marekani aliyepata hataza, hati ya kulinda uvumbuzi, ya gurudumu lake la maji mwaka 1880 kule kwenye migodi ya dhahabu ya California. Kikombe chake kina ukingo katikati unaopasua maji mara mbili, nusu huku nusu kule, yakageuka nyuma bila kugongana. Nikazitoa pawa zote, nikazipanga mbili mbili ubavu kwa ubavu, ukingo wa kiungo ukielekea kwenye tundu. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi tatu. Nilipofungua koki tena sauti ilikuwa tofauti, nyororo. Ampia 5 kwa volti 13. Wati 65.

Wati 65 kati ya 294 si nyingi, na nalisema hilo wazi kwa kila anayekuja kuangalia. Lakini hazilali. Kwa siku nzima ni uniti moja na nusu, na nyumba ya mama mkubwa iko bondeni ambako nguzo hazijafika. Taa 6, redio, na simu za majirani zinazolazwa pale jioni kwenye ubao wa dirisha. Usiku wa kwanza mama mkubwa alikuwa anamenya ndizi za kiburu. Taa ilipowaka alisimamisha kisu, akatazama mikono yake, akaigeuza upande wa pili, akaitazama tena. "Kumbe nimezeeka hivi," akasema, akaendelea kumenya. Tangu hapo kibatari kiko juu ya kabati.

Matatizo yapo. Majani makavu ya migomba huziba chujio, hasa usiku wa upepo, na taa zikififia inabidi mtu atoke. Mwezi wa pili, kiangazi kikikaza, ndoo ilichukua sekunde 11, nikalazimika kubadilisha tundu liwe la milimita 14, na taa tukabakisha mbili. Na nimegundua mwizi mwingine kwa kutumia mita: rota, sehemu inayozunguka ndani ya oltaneta, inakula karibu wati 30 ili tu iwe sumaku. Kwa gari si kitu, injini ina nguvu za kumwaga. Kwa mfongo wetu ni taa nzima nzima zinazoliwa kabla hazijawaka.

Kwa hiyo ukurasa ninaoufanyia kazi sasa ni rota ya sumaku za kudumu, isiyohitaji kulishwa. Sumaku nimezikusanya kwenye diski kuukuu za kompyuta, nimeshazipanga kwenye chuma na kuzimwagia gundi. Jumamosi napanda nayo Kibosho. Mzee wa mfongo amesema nisianze kabla hajafika, ndoo atashika yeye, na saa atakuja nayo.