F ya chini haitaki mapafu, acheni kunidanganya

Kila niliyemlalamikia kwamba kinanda changu kipya cha mdomo kimegoma kutoa sauti kwenye tundu la 1 na la 2 alinijibu neno moja: mapafu. "Dogo, hicho kinataka pumzi. Kaza!" Kaka mmoja anayepiga saksafoni kwenye kumbi za Sinza akanipa na dozi kabisa, nipulize maputo kila asubuhi kabla ya chai. Nikapuliza. Watoto wa wapangaji wenzangu walinipenda sana kipindi kile, kila siku kwao ilikuwa bethidei. Kinanda kikabaki bubu vilevile, na mimi nikawa na kizunguzungu.

Nazungumzia kile kinanda kidogo cha matundu 10, cha kupuliza na kuvuta. Wengi tunaanza na cha C (herufi hizi ni majina ya noti), ambacho ukipuliza tundu la 1 unapata C ya katikati ya piano. Changu ni F ya chini, kinashuka mpaka F iliyo chini ya hiyo C. Vilimi vyake vya shaba, yaani vile vibati vyembamba vya ndani vinavyotikisika kutoa sauti, kwenye sauti nene vimeongezewa uzito kwenye ncha ili vitikisike taratibu. Nilikitaka kwa sababu naimba besi, na kile cha C kilikuwa kinapiga makelele juu ya kichwa changu. Bei ni laki tatu na kitu, ukijumlisha na soda za binamu aliyekuja nacho kwenye begi kutoka Ujerumani.

Aliyenitoa gizani hakuwa mwalimu, ilikuwa programu ya kutyuni gitaa kwenye simu. Nikavuta tundu la 2 kwa nguvu zote za maputo: mshale ukaporomoka kushoto, sauti ikawa chini ya C inayotakiwa, kisha ikakata. Nikavuta tena kivivu, pumzi ya mtu anayesinzia kwenye daladala. Mshale ukaja ukasimama katikati, na sauti ikatoka nene mpaka kikombe cha chai mezani kikawa kinanguruma. Kilimi kizito kinachelewa kuamka. Ukikivamia na hewa nyingi kwa mara moja, kinabanwa kwenye kijidirisha chake na kuziba njia, kwa hiyo unaanza na hewa kidogo halafu unaongeza. Nilimwonyesha kaka wa saksafoni ule mshale. Akasema simu yangu mbovu.

Sasa kupinda noti, yaani kuvuta huku unaishusha sauti kwa kubadili nafasi ya ulimi mdomoni. Hapa ndipo ninapojisifu, na nina haki. Kwenye C nilikuwa napinda bila wasiwasi, lakini kwenye F ya chini nilianzia tundu la 2 kama nilivyozoea, na wiki nzima nikatoa mlio wa bomba la maji lililoingia hewa. Ndipo nikachukua kalamu nikaandika noti za vinanda vyote viwili, kimoja juu ya kingine. Tundu la 4 la kuvuta kwenye F ya chini ni G. Siyo G yoyote tu, ni G ileile hasa ninayoipata tundu la 2 la kuvuta kwenye C! Maana yake umbo la mdomo la kuipinda nilikuwa nalo tangu zamani, nilikuwa nalipeleka kwenye tundu lisilo lake.

Nikashika C mkono mmoja na F mkono mwingine. Navuta 2 kwenye C, naipinda, nagandisha ulimi palepale, nabadilisha kinanda bila kusogeza taya, navuta 4. Ikapinda mara ya kwanza. Nilicheka peke yangu.

Baada ya hapo nikashuka. Tundu la 3 kwenye F linaanzia E na linapindika kwa nusu toni mara tatu, na mwisho wake ni palepale unapofika ukipinda tundu la 1 kwenye C. Kwa hiyo hilo nalo lina jirani wa kukushika mkono. Ni la 2 ndilo linalokuacha peke yako: kabla hujalipinda tayari liko kwenye noti ya chini kabisa ya kinanda cha C, na kila nusu unayoishusha ni nchi mpya. Hapo taya lishuke, ulimi urudi nyuma na ulale chini, koo liwe la mtu anayeanza kupiga mwayo. Ukiendelea na mdomo mdogo wa "ii" utakesha.

Tundu la 1 lilikuwa na ugonjwa mwingine, lilikwaruza kila nikivuta kwa sauti kubwa. Nilidhani kilimi kimekatika. Kumbe kinatikisika mbali kiasi cha kugonga bati la chini linalofunika vilimi. Nilifungua, nikapanua ukingo wa nyuma wa bati kidogo kwa koleo lililofungwa kitambaa, kelele ikaisha. Mate nayo ni adui. Noti ya chini ikififia ghafla, geuza matundu yatazame chini, gonga kiganjani, endelea na wimbo.

Na muache kurundika noti. Kuvuta matundu 2, 3 na 4 kwa pamoja kwenye C kunapendeza, huku chini unapata uji. Mimi naziba 2 na 3 kwa ulimi, napuliza 1 na 4 tu, na hizo ni F mbili zilizopishana oktava, yaani noti ileile, moja chini na moja juu. Ukumbi mdogo unajaa sauti. 1 na 4 za kuvuta nazo ni oktava. Usijaribu 2 na 5 za kuvuta kwa mtindo huo, siyo oktava, watu watageuka.

Sasa naitaka D ya chini. Nimeshapiga hesabu: tundu lake la 4 la kuvuta ni E, ileile ya tundu la 3 kwenye F yangu, kwa hiyo ngazi ipo. Binamu anasema safari hii soda hazitoshi.