Jinsi Tulivyogawana Sikukuu katika Duka Letu la Majengo

Duka letu la vyakula liko Majengo, Mombasa. Marehemu baba alilifungua kila siku ya mwaka isipokuwa siku ya kwanza ya Idi ya Mfungo Mosi na siku ya kwanza ya Idi ya Mfungo Tatu, nami nilipolirithi mwaka 2016 sikuona sababu ya kubadilisha lolote. Wateja wetu wengi ni watu wa kibarua, wa bandarini, wa maghala ya Shimanzi na wa soko la Kongowea, ambao hununua unga nusu kilo, sukari robo na mafuta ya kupima kwa pesa walizozipata siku ile ile. Niliamini, kama alivyoamini baba, kwamba njaa haina habari na Madaraka wala Jamhuri, na kwamba kuwafungia watu hao mlango siku ya sikukuu ni kuwaadhibu kwa kukosa akiba. Bado naamini hivyo. Ila kwa miaka mitatu nilitazama upande wa wateja peke yake, nisiwatazame watu wanne waliokuwa wakisimama upande wa pili wa kaunta.

Mwaka 2019 sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zililetwa Mombasa, katika bustani ya Mama Ngina kandokando ya bahari. Ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Oktoba, na kwa kuwa sheria yetu husema kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili basi Jumatatu huwa siku ya mapumziko, kulikuwa na siku mbili mfululizo. Wiki mbili kabla yake keshia wetu, dada mmoja kutoka Taita mwenye watoto wawili, aliniomba ruhusa awapeleke wanawe wakaone gwaride, maana sherehe kama ile haiji mjini kwetu kila mwaka. Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba mji utajaa wageni na mauzo yatakuwa makubwa, na Jumatatu yake pia nikamtaka awepo. Hakubishana nami, alisema tu, "Haya, dada," akarudi kwenye hesabu zake. Siku hiyo ya Jumapili duka lilikuwa kimya hadi alasiri, na watoto wake wawili walikaa juu ya magunia ya mchele wakisikiliza sherehe kwenye redio ya duka, umbali wa mwendo mfupi wa matatu kutoka zilikokuwa zikifanyika.

Desemba ya mwaka huo alinijia mzee tuliyemzoea kumwita Ami, muuzaji aliyekuwa na baba tangu mimi niko shule ya msingi. Alikuja na kalenda mbili za ukutani, ya mwaka uliopita na ya mwaka ule, ambamo alikuwa amezungushia siku 21 kwa kalamu nyekundu. Zilikuwa sikukuu zote alizofanya kazi katika miaka hiyo miwili. Nilidhani anataka pesa, nikamkumbusha kwamba kila sikukuu nilikuwa nikimpa kila mmoja shilingi 200 za chai. Alinijibu taratibu, kama mtu anayesema na mwanawe: "Mwanangu, sikuja kudai chai. Baba yako kila sikukuu aliyonifanyisha kazi alinipa siku nyingine badala yake. Tangu ushike duka wewe sijapata hata moja, na nilinyamaza nikidhani unajua."

Sikujua. Baba hakuwa ameliandika jambo hilo popote. Nilikuwa nimerithi nusu ya desturi yake, ile nusu iliyokuwa na faida kwangu, na nusu ya pili ilizikwa pamoja naye.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisi ya kazi kuuliza sheria inasemaje, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilielezwa kwamba mfanyakazi wa mshahara wa mwezi hulipwa sikukuu ya umma hata akiwa nyumbani, na akiitwa kazini siku hiyo, saa anazofanya huhesabiwa kwa kiwango maradufu. Nilielezwa pia kwamba likizo ya mwaka, ambayo kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haipungui siku 21 za kazi, haichanganywi na sikukuu, kwa hiyo sikuweza kusema, kama nilivyotaka kusema, kwamba Ami alikwisha kupumzika alipokwenda likizo. Lililonishtua zaidi lilimhusu hamali wetu. Nilikuwa nikimlipa kila jioni na kumhesabu kuwa mtu wa kibarua, kumbe kibarua anayefanya kazi kwa mfululizo wa siku zinazofikia mwezi mmoja huchukuliwa na sheria hiyo hiyo kuwa mfanyakazi wa mwezi, na yeye alikuwa nasi kwa miaka mitatu.

Nililipa deni. Ami alikataa pesa akachukua siku, ambazo alizitumia kidogo kidogo kwenda kwao Siyu. Keshia alichukua pesa zote, na kijana wetu wa mizani, ambaye kwao ni Kaloleni, aliomba nusu kwa nusu. Hamali nilimwingiza katika orodha ya mishahara, na hapo nikagundua jambo ambalo halisemwi sana katika mjadala wa kama maduka yafungwe siku za sikukuu. Wenzake walipokuwa wakitamani duka lifungwe, yeye alikuwa akiogopa. Kwa mtu anayelipwa kila jioni, sikukuu ni siku isiyo na ujira, na anaposikia redioni kwamba kesho ni mapumziko, hujua kwamba kesho hakuna cha kupeleka nyumbani. Wanaotaka maduka yote yafungwe siku za sikukuu wana haki ya kusema hivyo, lakini kwanza wahakikishe kwamba anayefungiwa kazi analipwa siku hiyo.

Mwaka 2020 na sehemu kubwa ya 2021 ilivurugwa na korona na kafyu, kwa hiyo mpango wenyewe ulianza kwa utulivu mwaka 2022. Kwa kuwa nilikuwa na majuto, nilianza kwa kufunga duka sikukuu zote. Katiba ya mwaka 2010 inazitaja siku tatu za kitaifa, Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Ukiongeza Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Siku ya Wafanyakazi, Idi ya Mfungo Mosi, tarehe 10 Oktoba ambayo siku hizi huitwa Siku ya Mazingira, Krismasi na siku inayoifuata, unapata siku 11. Idi ya Mfungo Tatu kisheria ni sikukuu ya Waislamu, ingawa mara nyingi Serikali huitangaza kuwa ya watu wote. Kila sikukuu niliandika katika daftari mauzo ya siku tatu, ya mkesha, ya sikukuu yenyewe na ya siku ya pili yake, kisha nikayalinganisha na siku tatu za kawaida.

Daftari lilinifunza kuliko maneno yote niliyokuwa nimeyasikia. Mchele wa kilo tano, unga wa mifuko, sukari ya kilo mbili na majani ya chai havikupungua. Watu waliosoma karatasi ya tangazo la kufunga niliyoibandika mlangoni walinunua jana yake au kesho yake, na jumla ya siku tatu ilibaki karibu ile ile. Kwa hiyo ile hofu ya kupoteza mauzo, ambayo kwayo nilimnyima keshia siku yake ya gwaride, kwa sehemu kubwa haikuwa na msingi. Lakini mafuta ya kupima, unga nusu kilo na maharagwe ya kikombe yalianguka, wala hayakurudi siku ya pili. Chakula cha jioni ambacho hakikupikwa hakinunuliwi kesho.

Aliyenieleza vizuri zaidi ni mama mmoja anayekaanga viazi karai. Alikuja siku ya pili ya Madaraka, akaniambia bila hasira kwamba sikukuu ndiyo siku yake kubwa ya mauzo katika mwezi, kwa sababu watu hutoka na watoto kwenda kupunga upepo baharini, na kwamba alinikuta nimefunga, akakosa unga wa dengu na mafuta, viazi vyake alivyokwisha kuvichemsha vikalala. Nilimuuliza kwa nini hakununua jana yake. "Kwa pesa gani, mwanangu? Pesa ya jana ndiyo iliyonunua viazi." Sikuwa na la kumjibu.

Tangu hapo nikaacha kuuliza kama duka lifunguliwe au lifungwe, nikaanza kuuliza lifunguliwe saa ngapi, kwa ajili ya nani, na nani asimame. Nilijaribu kufungua asubuhi hadi saa sita, lakini mpango huo uliwaharibia wafanyakazi siku nzima na haukuwafaa wateja, maana wanunuzi wa nusu kilo huja baada ya alasiri. Sasa siku za kitaifa tunafungua saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, watu wawili kwa zamu, kwa malipo maradufu, na hata kama wateja wakiisha mapema hakuna anayelipwa chini ya nusu siku. Wale wanaouza vyakula barabarani, kama mama wa viazi, nawaandikia katika daftari la mkopo mkesha wa sikukuu, nao hulipa usiku wa sikukuu wenyewe. Katika muda wote huo ni wawili tu walionichelewesha, na hakuna aliyenidhulumu.

Sikukuu za dini tumezigawana kwa namna ambayo nadhani katika mji kama wetu ni rahisi kuliko kwingine. Ami na hamali husimama Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Krismasi. Keshia na kijana husimama jioni ya siku ya pili ya Idi. Siku ya kwanza ya Idi tunafunga kama alivyofunga baba. Hapo pana ugumu ambao tangazo la Serikali haliumalizi. Wako majirani zetu wanaofuata mwezi unapoandama kokote duniani, na wako wanaosubiri uonekane kwetu na Kadhi Mkuu autangaze, hivyo kuna miaka ambapo mtaa mmoja huswali Idi siku mbili tofauti. Ami na hamali hawako upande mmoja katika hilo. Mwanzoni nilitaka kufuata siku iliyotangazwa rasmi tu, lakini ingekuwa ajabu kumwambia mtu kwamba Idi yake ni siku ya kazi kwa sababu Idi ya mwenzake ni kesho. Kila mmoja hupewa siku anayoswali, na duka hufungwa siku ile ambayo wengi wa mtaa wameswali.

Kuna sikukuu zinazokuja ghafla, kama ya kupanda miti tarehe 13 Novemba 2023 na ile ya tarehe 10 Mei 2024 ya kupanda miti na kuwakumbuka waliokufa katika mafuriko, ambazo zilitangazwa zikiwa zimebaki siku chache tu. Kwa siku hizo simlazimishi mtu. Ile ya Mei hakuna aliyetaka kuja, nikasimama mwenyewe na mwanangu wa kiume, ambaye kabla ya siku hiyo hakujua kupima mafuta.

Tarehe 1 Mei tunafunga kutwa, na hapo sisikilizi hoja ya mauzo. Siku hiyo ni ya wafanyakazi kwa jina lake, na mwajiri anayewaita wafanyakazi kazini siku ya wafanyakazi, hata kwa malipo maradufu, kwa maoni yangu amewanyang'anya kitu ambacho pesa haikirudishi. Kwa siku nyingine nakubali kwamba malipo maradufu, yakitolewa kweli na kwa hiari ya pande zote mbili, ni haki ya kutosha. Najua masupamaketi hufungua sikukuu zote, na wenzangu kadhaa wenye maduka huniambia kwamba nitamezwa. Sikatai kwamba mpango huu una gharama: jioni ya Jamhuri ya mwaka 2023 faida ya saa zile nne haikufikia malipo ya watu wawili waliosimama. Lakini tangu mwaka 2022 hakuna mfanyakazi aliyeacha kazi, na kabla ya hapo nilikuwa nikifunza kijana mpya wa mizani karibu kila mwaka, na kila kijana mpya hukosea vipimo kwa miezi miwili ya kwanza.

Jambo moja sijalipatia jawabu, nalo ni usiku wa kuamkia Idi. Mwezi ukishatangazwa, mtaa mzima humiminika dukani kwa mchele wa pilau, tambi, sukari na bizari, nasi hufunga saa sita za usiku au baadaye. Kwa kanuni za mishahara saa zile ni ziada ya siku ya kawaida, na hulipwa mara moja na nusu, ilhali ndizo saa ngumu kuliko zote za mwaka, na ndizo saa ambazo Ami angependa kuwa nyumbani akiwaangalia wajukuu wakijaribu nguo zao. Mwaka jana nilizilipa kama sikukuu. Ami alipokea, akashukuru, kisha akaniuliza kama mwaka huu tunaweza kufunga saa nne. Nimemwambia kwamba nitaanza kuwatangazia wateja tangu kumi la kati la Ramadhani, ili wasiokuwa watu wa kununua kwa siku wanunue mapema, na usiku wenyewe niwabakishie wale wa nusu kilo. Kama watakuwa wamekwisha wote kufikia saa nne, hilo sijui.